SOMO LA KIINGEREZA: KUENDELEA NA KAZI, KUIRUDIA, NA KUVUKIA NYINGINE

Leo twataka kusema nanyi juu ya neno moja la Kiswahili alijualo kila mtu, nalo ni "kuendelea". Mkulima huendelea na palizi, fundi huendelea na ukuta, mtoto huendelea na masomo, mgonjwa huendelea na dawa, na nchi nayo huendelea. Neno hili ni kama kikapu kikubwa: ndizi, maharage na kahawa vyote huingia humo, na mwenye kikapu hapati taabu, maana anajua mwenyewe alichokitia. Taabu huanza siku anapotakiwa kuyaandika hayo kwa Kiingereza, au kuisoma barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Waingereza hawana kikapu kimoja cha namna hiyo. Wanavyo vidogo vingi, na kila kimoja kina kitu chake: "continue", "go on", "carry on", "keep on", "resume", "proceed" na "persist".

Huenda msomaji akauliza: Mimi ni mkulima wa migomba, yanihusu nini haya? Jibu ni kwamba yanakuhusu kwa njia nyingi. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini mtoto aingiapo kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Maandishi juu ya kopo la dawa mara nyingi ni ya Kiingereza. Mnunuzi wa kahawa wa ng'ambo huandika kwa Kiingereza, na mfadhili wa darasa au wa kisima huandika hivyo hivyo. Na katika kila kijiji wako watu wachache, waalimu, watendaji na wazee wenye elimu, ambao wenzao huwategemea kuzisoma barua hizo na kuzijibu. Mtu wa namna hiyo akikosea neno, hasara si yake peke yake.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike katika somo hili ni hili: maneno haya ya Kiingereza hayasemi tu kwamba kazi inafanyika, bali hutoa ushahidi juu yake. Neno moja lashuhudia kwamba kazi haikukatika. Jingine, kwamba ilikatika ikaanza tena. Jingine, kwamba kazi ya kwanza imekwisha na ya pili imeshikwa. Mtu akitia neno lisilo mahali pake, ametoa ushahidi usio wa kweli pasipo kukusudia.

I. KUENDELEA AMBAKO SI "CONTINUE"

Kwanza tuyaondoe yale yasiyokuwamo. Neno "kuendelea" limezaliwa na "kwenda", na kwa hiyo twalitumia hata kwa hali ya mtu na kwa kustawi kwake. Twauliza, "Waendeleaje?" nasi twajibiwa, "Naendelea vizuri." Hapo hapana kazi yoyote inayotajwa, ni hali tu. Lakini wengi wetu huanza barua ya Kiingereza kwa maneno haya: "I am continuing well." Mwingereza akiyasoma hungoja kusikia ni kazi gani hiyo iendeleayo. Yafaa kuandika, "I am getting on well," au kwa ufupi, "I am well."

Kadhalika twasema mgonjwa anaendelea vizuri, maana yake anapata nafuu. Usiandike "She is continuing". Msomaji aweza kudhani kwamba ni ugonjwa uendeleao. Andika, "She is getting better." Mtoto anayeendelea vizuri darasani, andika, "He is making good progress." Na nchi zilizoendelea ni "developed countries", wala si nyingine. Basi, kabla ya kulishika neno "continue", jiulize kwanza: Je, ninasema habari za kazi, au habari za hali? Ikiwa ni hali, liache.

II. MASWALI MATATU

Ukiisha kujua kwamba unasema habari za kazi, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, kazi hiyo ilisimama wakati wowote, au haikusimama?

La pili: Je, ni kazi ile ile, au ni nyingine inayoifuata?

La tatu: Je, nataka kutoa habari tu, au nataka pia kutia ruhusa, au sifa, au lawama?

Mtu atakayeyajibu maswali haya kwa kweli, neno lenyewe litamjia. Sasa tuyatazame maneno moja moja.

III. MANENO YENYEWE

"Continue". Hili ni neno la ofisini na la heshima, nalo lafaa karibu kila mahali. Laweza kufuatwa na "to", au na kitenzi chenye mwisho wa "ing", au na "with" pamoja na jina la kazi. "The women continued to weed the beans." "The women continued weeding the beans." "The women continued with the weeding." Zote tatu ni sahihi, na maana yake ni karibu moja: wanawake waliendelea kupalilia maharage. Lakini neno hili lina upungufu wake: halisemi wazi kama kazi ilisimama. Twaweza kuandika, "The meeting continued until sunset," na mkutano haukusimama hata kidogo. Twaweza pia kuandika, "The meeting continued after the rain," nao ulikuwa umesimama, watu wakajificha mvua. Basi, pale ambapo kusimama kwa kazi ni jambo la maana, usitegemee "continue" peke yake.

"Go on". Neno hili ni la mazungumzo kuliko lile la kwanza, nalo, kama "kuendelea" letu, limetoka katika kwenda. Hapa yapo makosa makubwa kuliko yote, kwa sababu "go on" lina njia mbili, na njia hizo haziendi mahali pamoja. Likifuatwa na kitenzi chenye "ing", kazi ni ile ile. Likifuatwa na "to", kazi ya kwanza imekwisha, na mtu amevukia ya pili.

Tuchukue mfano wa shambani. Kila mkulima wa Kagera aujua mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia mkoani kwetu katika miaka ya 2000. Huenezwa na wadudu watuao juu ya ua dume, na huenezwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likapelekwa kwa mgomba mzima bila kusafishwa. Sasa tazama maagizo haya mawili:

"Do not go on cutting with the same panga." Maana yake: Usiendelee kukata kwa panga lile lile.

"Clean the panga in fire, then go on to cut the leaves of the healthy plants." Maana yake: Safisha panga kwa moto, ndipo uvukie kazi ya kukata majani ya migomba mizima.

Agizo la kwanza lazuia kazi ile ile. La pili laruhusu kazi nyingine. Mtu asiyeona tofauti ya "cutting" na "to cut" aweza kuutia ugonjwa shambani mwake, hali ameshika karatasi ya mafundisho mkononi.

Mfano mwingine tuuchukue katika maisha ya Mwalimu Julius Nyerere. Alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Twaandika: "He taught in Tabora and went on to study in Edinburgh." Kufundisha kwake Tabora kulikwisha, akavukia masomo. Tungaliandika "went on studying", tungalisema kwamba alikuwa akisoma tangu mwanzo wala hakuacha. Tena, mwaka 1963 ilitolewa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatolewa Mabepari wa Venisi. Twaandika: "He translated one play and went on to translate another."

"Carry on". "Carry" ni kuchukua mzigo. Neno hili basi lina harufu ya mtu aliyejitwika mzigo asiutue, ingawa njia ni mbaya. Latumika hasa pale palipo na taabu au kizuizi. "The rain was heavy, but the masons carried on." Mvua ilikuwa kubwa, lakini waashi hawakuacha kazi. Mwalimu akiingiliwa na mgeni darasani aweza kuwaambia watoto, "Carry on with your sums." Hufuatwa na "ing" au na "with", usiandike "carry on to work". Latumika pia kwa biashara: "He carries on a trade in dried fish," yaani anafanya biashara ya samaki wakavu. Lakini tahadhari moja: "carry on with" na jina la mtu, hasa mke au mume wa mwingine, ina maana ya siri isiyo nzuri. Karani mmoja akiandika kwamba "is carrying on with the teacher's wife", hata kama nia yake ni kusema wanafanya kazi ya kamati pamoja, atasababisha kesi. Neno hili liwekee kazi, usiliwekee mtu.

"Keep" na "keep on". Haya yasema kwamba jambo hutendeka tena na tena, na mara nyingi msemaji amechoka nalo. "The goats keep getting into the beans." Mbuzi kila mara wanaingia katika maharage. Ukitia "on", uchovu wa msemaji unazidi: "He keeps on asking for the same money." Kwa hiyo jihadhari ukiandika habari za mkubwa wako. Ukisema "The inspector keeps visiting our school", huenda ulitaka kumsifu, lakini asomaye aona kwamba mnamchoka. Afadhali "The inspector continues to visit our school." Lakini kwa kumtia mtu moyo, "keep" ni zuri sana: "Keep trying," yaani usikate tamaa. Kwa maana hii neno hili halifuatwi na "to" hata mara moja. "Keep to try" si Kiingereza.

"Resume". Hili ni neno la kazi iliyosimama, kisha ikaanza tena pale ilipoachwa. Ndani yake mna mambo mawili: kusimama na kurudi. Chama cha ushirika kikipokea barua isemayo, "We shall resume buying coffee in June," viongozi wake wajue mambo mawili kwa neno moja: kwamba mwezi Juni watanunua, na kwamba hivi sasa hawanunui. Asomaye harakaharaka akatafsiri "tutaendelea kununua kahawa", atawafanya watu wabebe magunia kesho yake na kuyakuta maghala yamefungwa.

Kwa watu wa mkoa wetu neno hili lina kumbukumbu zake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, watu wa ng'ambo ya mto walikimbia, wakaacha nyumba, mifugo na migomba. Vita ilipowapita mwaka 1979 walirudi, wakaanza upya kulima. Twaandika: "They returned and resumed farming." Mtu akiandika "They continued farming", amefuta ukimbizi wao wote kwa neno moja.

"Proceed". Hili ni neno la kwenda mbele, hasa kwenye hatua ifuatayo, na mara nyingi kwa idhini ya mtu mwenye mamlaka. "You may proceed" ni sawa na kusema: Njia ni wazi, pita. Tofauti yake na "continue" yaonekana vizuri katika ujenzi. Tuseme wanakijiji wameanza boma la darasa kwa nguvu zao wenyewe, na mfadhili ameahidi mabati. Anaandika: "You may continue with the walls, but do not proceed to the roof before our engineer has seen them." Maana yake: Endeleeni na kuta, lakini msivuke kwenda kwenye paa mpaka mhandisi wetu ameziona. Hapo maneno mawili yametenganishwa makusudi. La kwanza ni la kazi iliyokwisha kuanza, la pili ni la hatua mpya ambayo ruhusa yake haijatolewa. Msomaji wa barua akiyachanganya yote mawili kuwa "endeleeni", kijiji kitapaua, na mfadhili atasema hakutiiwa. Katika mazungumzo ya kila siku "go ahead" hushika nafasi ya "proceed": mtu akikuomba ruhusa kuketi au kusema, waweza kumjibu, "Go ahead."

"Persist". Hili ni kudumu kwa ukaidi. Likisemwa juu ya mtu, lina maana ya kushikilia ingawa anakatazwa au anapingwa, na hufuatwa na "in": "He persisted in grazing his cattle in the school garden." Likisemwa juu ya kitu, lina maana ya kutoondoka. Ndilo neno mtakaloliona juu ya makopo ya dawa: "If symptoms persist, consult your doctor." Yaani, dalili zisipoondoka, mwendee daktari. Halisemi "dalili zikiendelea vizuri", wala halisemi "endelea na dawa hii". Kwa mfano, kikohozi kikidumu kwa majuma mawili au zaidi, yafaa mtu akapimwe kifua kikuu. Na akionekana anao ugonjwa huo, ataandikiwa dawa za miezi mingi, pamoja na maneno kama haya: "Continue taking the tablets even when you feel better." Hapo ni "continue", kwa sababu dawa haitakiwi kukatika hata siku moja. Mgonjwa akiziacha baada ya kupata nafuu, kisha akazirudia ugonjwa ulipoamka, huyo si "continued" tena. Ni "stopped and resumed", na ugonjwa uliorudi hivyo waweza kuwa mgumu kuliko wa kwanza.

IV. SAFARI MOJA, MANENO MANNE

Ili tuone maneno haya yakifanya kazi pamoja, tuchukue habari moja ya nchi yetu. Katika mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe, wakapokewa kwa wema na Mfalme Rumanyika. Mwezi Januari 1862 Speke alikwenda Buganda, lakini Grant alikuwa na kidonda cha mguu kilichomtesa sana, hata akabaki kwa Mfalme. Baada ya miezi kadhaa Grant naye akashika njia. Mwezi Julai 1862 Speke alipaona mahali mto Nile utokapo katika ziwa. Kwa Kiingereza twaandika hivi:

"In January 1862 Speke proceeded to Buganda. Grant's leg kept troubling him, and he stayed in Karagwe. Some months later he resumed his journey. Speke went on to see the place where the Nile leaves the lake."

Tazameni sasa. Speke "proceeded", kwa sababu alivuka hatua ifuatayo ya safari. Mguu wa Grant "kept troubling him", kwa sababu maumivu yalikuja tena na tena. Grant "resumed", kwa sababu safari yake ilikuwa imesimama. Na Speke "went on to see", kwa sababu kuona huko kulikuwa jambo jipya lililofuata mengine. Mtu angaliandika "continued" mara nne, Kiingereza chake kisingalikuwa kosa kubwa, lakini asomaye asingalijua ni nani aliyekaa na ni nani aliyekwenda.

V. BARUA YA MWALIMU

Tumeacha mwisho jambo ambalo twaona ni zito kuliko yote. Mwezi Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na wasichana waliopata mimba, warudi katika shule zake. Kabla ya hapo msichana aliyepata mimba alifukuzwa, wala hakukubaliwa tena katika shule hizo. Tangu ruhusa hiyo, mwalimu mkuu aweza kutakiwa kuandika barua ya Kiingereza kwa ajili ya msichana wa namna hiyo, labda kwa mfadhili, labda kwa chuo. Tuseme msichana aliacha shule akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani miaka miwili, akarudi, akamaliza. Mwalimu aandike neno gani?

Akiandika "She continued her studies", huenda nia yake ni njema, anataka kumficha aibu. Lakini asomaye ataitazama miaka, ataona miwili haina maelezo, naye ataanza kumshuku msichana na kumshuku mwalimu pia. Akiandika "She went on to study", atasema kwamba alimaliza jambo moja akavukia masomo mengine, na hiyo si kweli. Akiandika "She kept on studying", atasema kwamba hakuacha hata siku moja, na hiyo pia si kweli.

Neno lake ni "resumed". "She resumed her studies in Form Two and completed Form Four." Sentensi hii ni ya kweli kabisa, nayo haimwaibishi. Neno "resume" halisemi kwa nini mtu alisimama. Hakuna aulizwaye ndani yake habari za mimba, wala za ugonjwa, wala za umaskini wa wazazi. Lasema tu kwamba alisimama, na kwamba alirudi. Na sisi tujuao jinsi ilivyo kazi kubwa kwa msichana mwenye mtoto kurudi kuketi darasani pamoja na wadogo zake, twaona kwamba kurudi huko ndiko kulikostahili kuandikwa. Mwalimu anayelificha neno hilo, amemnyima msichana sifa iliyo kubwa kuliko zote alizo nazo.

Kwa hiyo, enyi waalimu, msidhani kwamba neno la jumla ndilo neno la huruma. Mara nyingi neno lililo sahihi ndilo lenye huruma zaidi.

VI. MAZOEZI

Yafaa msomaji afanye mazoezi haya kwa penseli kabla ya kutazama majibu. Jaza neno moja linalofaa: continue, go on, carry on, keep, resume, proceed, au persist, ukiligeuza kwa wakati wake.

1. Shule ilifungwa kwa majuma mawili kwa sababu ya mafuriko. Jumatatu masomo yataanza tena. "Lessons will ______ on Monday."

2. Jirani kila siku anakuja kuazima jembe, nasi tumechoka. "Our neighbour ______ borrowing our hoe."

3. Alisoma uuguzi, na baada ya kumaliza akasomea ukunga. "She trained as a nurse and ______ to study midwifery."

4. Mwenyekiti amesoma kumbukumbu za mkutano uliopita, sasa anataka kuingia jambo la pili. "Let us ______ to the second matter."

5. Homa haikuondoka ingawa alikunywa dawa. "The fever ______ although she took the medicine."

6. Mwenye duka alifiwa, lakini mkewe aliendesha duka bila kulifunga, kwa taabu nyingi. "His wife ______ with the shop in spite of many troubles."

7. Unamwandikia mnunuzi, wataka kumwambia kwa adabu kwamba mtaleta kahawa kama mlivyokuwa mkileta siku zote. "We shall ______ to send you our coffee."

Majibu: 1. resume. 2. keeps. 3. went on. 4. proceed. 5. persisted. 6. carried on. 7. continue.

Katika swali la 6 mtu akiandika "continued" hakukosea, lakini ameacha taabu ya mama yule nje ya neno. Katika swali la 7 mtu akiandika "resume" amekosea sana, kwa sababu mnunuzi atadhani mliwahi kuacha kumletea, naye atauliza ni lini na kwa nini.

Waalimu waweza kuwapa watoto wa kidato cha kwanza zoezi jingine, nalo ni hili: kila mtoto asimulie kwa Kiswahili kazi moja ya nyumbani kwao, kama kuvuna kahawa, kuianika na kuiuza, kisha darasa zima litafute mahali ambapo kazi ilisimama, mahali ilipogeuka kuwa nyingine, na mahali palipohitaji ruhusa. Mahali hapo ndipo Kiingereza hubadili neno. Mtoto atakayejifunza kuitazama kazi kwanza, kabla ya kulitafuta neno, hatapata taabu ya kukariri orodha.

Nasi tunaoandika barua za watu wengine tushike desturi moja. Mtu akija kutuambia, "Niandikie kwamba naendelea na kazi," tusiishike kalamu mara moja. Tumwulize kwanza: Je, ndugu, uliwahi kuiacha? Jibu lake ndilo litakalotuonyesha neno.